Sonara Ngwali na Mbegu za Bi Kazija

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mji?

Pakawa na watu wake!

Watu wamekula?

Waliopanda wamekula!

Na wasiopanda?

Wametuachia hadithi!

Haya, sogeeni basi. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye kiu anywe sasa, maana nikishaanza mimi sisimami.

Hapo zamani za kale, zama ambazo wanyama walisema na watu wakawajibu, palikuwa na mji wa bara ukiitwa Mbweleni. Mji huo ulikaa penye njia panda. Misafara ya chumvi ilipita hapo, misafara ya shaba ilipita hapo, misafara ya nguo ilipita hapo. Na mjini humo palikuwa na sonara, jina lake Ngwali.

Ngwali alikuwa fundi, jamani! Akifua bangili, utadhani imemea yenyewe mkononi mwa mwenyewe. Mikono yake ilikuwa safi, kucha zake fupi, maneno yake ya taratibu. Mkewe aliitwa Mize, binti wa wakulima, naye alikuwa na kishamba nyuma ya nyumba. Ngwali akimcheka, "Mke wa sonara na jembe, wapi na wapi?" Mize akimjibu, "Jembe halijanikataa, mume wangu." Walikuwa na watoto watatu, na mkubwa wao alikuwa binti, Kibibi.

Huyo Ngwali alikuwa na neno lake, halimtoki mdomoni. "Mtama huoza. Nguo huchanika. Ng'ombe hufa. Lakini dhahabu haiozi, haichaniki, haifi."

Watu walilipenda neno hilo. Lilikuwa tamu, na aliyelisema alikuwa ameshiba.

Mwaka mmoja Jumbe wa Mbweleni akafa. Akaacha wana wawili, kila mmoja na watu wake, kila mmoja anakitaka kiti. Mji ukaanza kunong'ona. Watu wakaona mambo yataharibika, wakamwendea Ngwali.

Akaja mfinyanzi. "Fundi, siku mbaya zinakuja. Nishike nini?"

"Shika dhahabu. Mtama huoza, dhahabu haiozi."

Mfinyanzi akatoa mtama wake ghalani, akapewa bangili.

Akaja msusi wa mikeka. "Fundi, nami nishike nini?"

"Shika dhahabu. Nguo huchanika, dhahabu haichaniki."

Msusi akatoa mtama wake ghalani, akapewa herini.

Akaja mfugaji. "Fundi, na mimi je?"

"Shika dhahabu. Ng'ombe hufa, dhahabu haifi."

Mfugaji akauza ng'ombe, akatoa na mtama, akapewa mkufu. Basi ikawa ndiyo njia, leo huyu, kesho yule, mpaka maghala ya mtaa mzima yakawa yanatoa mwangwi.

Na ule mtama, Ngwali hakuuweka. Aliwauzia watu wa misafara, nao wakampa dhahabu nyingine, nyingi kuliko aliyoitoa. Mize akamwambia, "Baba Kibibi, bakisha hata vikapu viwili."

"Vya nini? Tukitaka mtama tutanunua."

Vita vikaja. Wana wa Jumbe wakapigana, mashamba yakachomwa, misafara ikakata mguu. Mvua nayo, kana kwamba imesikia habari, ikapita mbali. Mwezi wa kwanza soko la Mbweleni lilikuwa na watu na vitu. Mwezi wa pili lilikuwa na watu bila vitu. Mwezi wa tatu halikuwa na watu.

Ndipo mfinyanzi aliporudi kwa Ngwali. Akaiweka ile bangili kizingitini, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Fundi, mimi sina ugomvi nawe. Bangili yako hii hapa. Nipe mtama wangu."

"Sina," Ngwali akasema.

"Si wako ninaouomba. Ni wangu."

Ngwali akatazama chini. "Nimeshauuza."

Mfinyanzi alisimama pale, akatikisa kichwa mara moja, akaenda zake bila bangili. Msusi akaja, naye hivyo hivyo. Mfugaji akaja, naye hivyo hivyo. Kuanzia siku hiyo Ngwali akipita njiani na kusema, "Hamjambo?" aliyekuwa akifagia aliendelea kufagia, na aliyekuwa amekaa alijitazama miguu. Uso umeumbwa na haya, wasemavyo wahenga, na wa Ngwali ulianza kuwa mzito kuubeba. Akawa anapita nyuma ya nyumba za watu, kwenye majivu na mabua, ili asikutane na salamu isiyojibiwa.

Lakini njaa haingoji mtu amalize kuona haya. Watoto walilia. Ngwali akajaza dhahabu mfukoni, akaenda ukingoni mwa msitu, kwenye kichuguu alikokaa Buku. Buku mnamjua? Yule panya mkubwa, mashavu yake kama mifuko miwili. Alikuwa amejaza karanga shimoni, njia saba na vyumba saba.

"Hodi, Buku!"

"Karibu, Ngwali. Umeleta nini?"

"Nimeleta bangili. Nipe karanga."

Buku akaichukua, akaigeuza, ikang'aa, akafurahi. Akampa karanga kapu zima. Ngwali akaenda nyumbani akijisemea moyoni, "Mnaona? Dhahabu haiozi." Watoto wakala siku tisa.

Akarudi. "Hodi, Buku!"

"Karibu, Ngwali. Umeleta nini?"

"Nimeleta bangili tatu. Nipe karanga."

Buku akazitazama kwa jicho moja. Akampa karanga za kujaza viganja viwili. Watoto wakala siku mbili.

Akarudi mara ya tatu, na mkufu mnene kuliko yote aliyopata kuifua.

"Hodi, Buku! Nimeleta mkufu wa kuvaliwa na malkia. Nipe karanga."

Buku hakutoka. Akatoa pua tu. "Ngwali, wenzio walikutangulia. Mji wote umekuja hapa na vitu vinavyong'aa. Wanangu wanalalia bangili, wanalalamika baridi. Shimo limejaa, hata kugeuka siwezi, na karanga zilizobaki ni zetu. Huo mkufu nikautafune?"

"Lakini Buku, ni dhahabu!"

"Naiona. Dhahabu ni mali ya aliyeshiba." Buku akataka kurudi ndani, kisha akageuka, akasema kwa sauti ya chini, maana hata panya ana siku yake ya kuwa shetani, "Kuna mtu mmoja tu atakayeipokea sasa."

"Nani huyo?"

"Ambaye hajasikia."

Ngwali aliposikia neno lile alijua ni baya. Nataka mlielewe hili, wasikilizaji wangu. Hakuteleza. Alilijua kuwa ni baya, akalibeba hivyo hivyo, na mkufu wake na bangili moja, akaelekea milimani.

Akatembea siku mbili. Mbali kule, juu ya kilima kiitwacho Kiduhe, palikuwa na nyumba moja ya udongo. Alikaa humo bibi mjane, Bi Kazija, na mjukuu wake, Tausi, kitoto cha miaka saba ambacho mama yake alifariki. Huko hakufiki mtu isipokuwa mchuuzi mmoja wa chumvi, mara moja kwa mwaka. Habari za vita hazikuwa zimepanda kile kilima.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mwanangu. Karibu ndani, jua kali."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Tausi, mpe mgeni maji."

Tausi akaleta maji katika kata, kwa mikono miwili, akipiga goti. Bi Kazija akampikia uji mwembamba, akamwacha anywe kwanza ndipo akamuuliza shida yake. Ngwali akanywa, na alipoinua macho akaona, juu ya moshi wa meko, vibuyu viwili vinaning'inia. Kimoja kidogo, cha chakula. Kimoja kikubwa, shingo yake ilipasuka zamani ikashonwa kwa ukindu. Hicho kilikuwa cha mbegu. Kilikuwa kimejaa mpaka mdomoni.

Ngwali akautoa mkufu. Nyumba nzima ikawa kama imeingia jua.

"Bibi, huu na bangili hii, nipe kibuyu kile kikubwa."

Bi Kazija akacheka. "Mwanangu, hizo ni mbegu. Mvua iko njiani. Nikikupa nitapanda nini?"

"Mchuuzi wako anakuja lini?"

"Siku saba, siku nane hivi."

"Basi kata pingili mbili za mkufu huu umpe, atakuletea mbegu vibuyu vitatu. Nyingine umwekee mjukuu wako."

Bi Kazija akamtazama Tausi, mtoto asiye na mama, shingo tupu kabisa. Akamtazama Ngwali, mikono yake safi, kucha zake fupi. Akauliza, "Huko kwenu mjini, dhahabu bado inanunua mtama?"

"Inanunua," Ngwali akasema.

"Inanunua na mbuzi?"

"Inanunua."

"Mwanangu, mimi ni mtu wa milimani, mambo ya mjini siyajui. Niambie kama unavyomwambia mama yako. Inanunua?"

Ngwali akaumeza uji uliokuwa bado mdomoni.

"Inanunua, mama."

Bi Kazija akakiangua kibuyu. Akamshukuru mara tatu. Akamsindikiza mpaka kwenye mteremko, akamwombea safari njema, na Tausi akampungia mkono mpaka alipopotea.

Ngwali aliteremka mbio mbio kama mtu aliyeiba. Na ndiyo, alikuwa ameiba.

Nyumbani Mize akakifungua kibuyu, akatia mkono, akanusa. Alikuwa mtoto wa wakulima, si wa kudanganywa na kitu cha shamba.

"Baba Kibibi, huu umechanganywa na majivu, umekaushwa kwa moshi. Hizi ni mbegu. Nani anauza mbegu mvua ikiwa mlangoni?"

"Mtu aliyetaka kuuza."

"Alijua hali ya huku?"

"Alijua," Ngwali akasema, na akatoka nje kwenda kutazama mahali pasipo na kitu cha kutazama.

Wakala kidogo, wakapanda kingi. Mvua ikanyesha. Mtama ukaota katika kishamba cha Mize, ukapanda, ukabeba vichwa vizito. Wengine mtaani walikuwa wanakula majani na mizizi. Mize akawagawia, akaanza na mfinyanzi. Mfinyanzi akapokea kwa Mize. Ngwali, mfinyanzi hakumwangalia hata mara moja.

Na kule Kiduhe? Bi Kazija alimngoja mchuuzi siku saba, siku nane, siku ishirini. Mchuuzi hakuja, njia zilikuwa zimekatwa. Mvua ikanyesha juu ya shamba lililolimwa vizuri na lisilo na mbegu. Magugu yakaota hapo, mazuri, ya kijani. Wakala kibuyu kidogo kikaisha. Wakala majani. Na macho ya Tausi yakaanza kuingia ukungu, kama yanavyofanya macho ya mtoto njaa inapokaa sana mwilini. Bibi akamfunga mkufu kiunoni ndani ya nguo, akamshika mkono, wakateremka kwenda mjini kununua.

Waliingia Mbweleni mchana. Ngwali alikuwa ameketi mlangoni pake. Akasikia sauti mwanzo wa mtaa, sauti ya mtu mzima anayeimba kwa heshima, kama wachuuzi wanavyojinadi. Haya, nisaidieni kuitikia:

*Nani ana mtama, nami nina bangili?*
*Nimeambiwa inanunua, nimeambiwa inanunua!*

Watu wakatoka. Mtu mmoja akacheka, akasema, "Bibi, umetoka wapi wewe? Hapa bangili tunakanyaga." Sauti ikasogea, ikafika nyumba ya mfinyanzi:

*Nani ana mtama, nami nina mkufu?*
*Nimeambiwa inanunua, nimeambiwa inanunua!*

Ngwali akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Ndani ya nyumba palikuwa na kihenge, lile kapu kubwa la kuwekea nafaka, limejaa nusu kwa mtama mpya. Ngwali akaingia ndani, akapanda kihengeni, akajikunyata, akajifunika mfuniko. Mtu mzima, baba wa watoto watatu! Na watoto wake walikuwa wamekaa hapo hapo mkekani, wanamtazama.

*Nani ana mtama, nami nina mjukuu?*
*Nimeambiwa inanunua, nimeambiwa inanunua!*

"Hodi hapa!"

"Karibu, mama," Mize akasema. "Karibuni mketi. Poleni na jua."

Wakaketi, mgongo wa Bi Kazija umeegemea kihenge. Ngwali alisikia pumzi yake. Mize akawapa maji, akawapa ugali, na Tausi akala kwa mikono miwili bila kuona anachokula.

"Mama, nani aliyekuuzia dhahabu wakati huu?" Mize akauliza.

"Kijana mmoja, mwanangu. Mtu mzuri tu, mwenye maneno ya taratibu. Alikunywa uji kwangu. Nilimuuliza kama inanunua, akaniambia inanunua." Akampangusa Tausi mdomo. "Wenzako hapo njiani wanasema nimetapeliwa. Mimi sitaki kumsema vibaya mtoto wa watu. Pengine naye alidanganywa. Pengine na yeye ana njaa mahali, sasa hivi, hajui afanye nini."

Ndani ya kihenge Ngwali akauma mkono wake mwenyewe. Angetukanwa angevumilia. Angelaaniwa angevumilia. Lakini kutetewa! Kutetewa na yule yule!

Tausi alikwisha kula. Akainuka kutafuta maji, mkono mmoja ukipapasa ukutani, maana ndivyo alivyotembea siku hizo. Mkono ukagusa kitu kinachoning'inia. Ukateremka, ukapanda, ukakuta mshono wa ukindu.

"Bibi," akasema, "kibuyu chetu kiko hapa."

Bi Kazija akatazama ukutani. Mize akatazama ukutani, kisha akaelewa, na akaufunika uso wake kwa upande wa kanga, yeye asiye na kosa.

"Mwenye nyumba hii ni nani?" Bi Kazija akauliza.

"Ni mume wangu, mama. Ni sonara."

"Yuko wapi?"

Mize angeweza kusema amesafiri. Ndimi nyingi zingesema amesafiri. Akasema, "Yumo humo kihengeni."

Wote wakakitazama kihenge.

"Toka, Baba Kibibi," Mize akasema.

Kihenge kikanyamaza.

"Baba, toka," Kibibi akasema.

Kihenge kikanyamaza.

"Mwacheni," Bi Kazija akasema, akiinuka. "Kihengeni hukaa mtama na panya. Mtama mimi naujua, hauogopi kuonekana."

Mize akakiangua kibuyu, akakijaza mpaka mdomoni, akamfunga mzigo mwingine wa chakula. Akamsihi aiache ile dhahabu ili asijisumbue kuibeba. Bi Kazija akakataa. "Nimeinunua kwa mbegu zangu. Ni yangu." Akamshika Tausi mkono, wakaenda.

Ngwali akatoka. Alikuwa na makapi ya mtama kichwani, makapi kwenye nyusi, makapi kwenye ndevu. Mtoto wake mdogo akauliza kwa wema kabisa, "Baba, ulikuwa unatafuta nini humo?" Ngwali akaanza kujipangusa ndevu.

Mize hakupiga kelele. Alichukua gunia, akajaza mtama wa kihengeni nusu yake, akalifunga, akaliweka miguuni pa mumewe. "Mtoto wa watu haoni. Nitalibeba mimi au utalibeba wewe?"

Ngwali akalibeba. Safari hii hakupita nyuma ya nyumba. Alipita njia kuu, na mji ulikuwa umeshasikia, kwa kuwa kihenge cha Mbweleni hakina siri. Hakuna aliyemzomea. Walimpisha tu, kama wanavyompisha mtu mwenye ugonjwa. Alitembea siku mbili, na kamba ya gunia ikimkata bega.

"Hodi hapa."

Bi Kazija akatoka. Ngwali akatua gunia, akapiga magoti palepale uani.

"Mama, nilikuambia inanunua. Nilijua hainunui. Huu ni mtama wako. Nipokee, mama."

Bi Kazija akalifungua gunia, akachota, akapuliza, akaonja punje moja.

"Mtama nimeupokea," akasema. "Wewe sijakupokea."

Akaingia ndani.

Ngwali hakuondoka. Alichukua jembe lililoegemea ukuta, akaenda kwenye yale magugu mazuri ya kijani, akaanza kulima. Mikono iliyozoea koleo ikapasuka malengelenge. Akalima, akapanda, akalala kibandani, akarudi kwao, na msimu wa pili akaja tena, na msimu wa tatu akaja tena. Bi Kazija akimwekea chakula mlangoni, lakini hakumkaribisha ndani hata siku moja. Tausi alinenepa. Miguu ilipata nguvu, sauti ilirudi, akaimba. Lakini ule ukungu ulikwishaingia na haukutoka. Kila Ngwali alipomwona anapapasa ukuta, alijiona kama ndiyo kwanza ameingia kihengeni.

Siku zikapita, vita vikachoka. Mwana mmoja wa Jumbe akafa, mwingine akakimbia, wazee wakampa kiti shangazi yao, mwanamke mwenye busara na sauti nene. Njia zikafunguliwa. Mvua zikakaa sawa. Msafara wa kwanza ukaingia na chumvi, wa pili na shaba, wa tatu na nguo.

Na wote wakauliza, "Jamani, hapa nani ana dhahabu?"

Dhahabu ikaamka! Watu wakafukua bangili walizotupa majaani. Buku naye, mwenyewe, akatoka shimoni na mashavu yamejaa herini, akanunua karanga za kumtosha mpaka vitukuu. Wanasema alitembea sokoni akipepewa.

Bi Kazija akateremka siku ya soko, Tausi mkononi. Akautoa ule mkufu na ile bangili. Akapewa mbuzi majike watatu, gunia la chumvi na doti mbili za kanga. Soko zima likaona.

"Kumbe!" mfinyanzi akasema. "Kumbe Ngwali alisema kweli! Dhahabu haiozi!"

"Alituambia tangu mwanzo!" msusi akasema.

"Aliona mbali, sisi tulikuwa wafupi!" mfugaji akasema.

Wakamwendea, wakamshika mikono. Waliokuwa hawamjibu salamu wakamwita fundi, wakamwita mzee wetu. Wakamletea kigoda katikati ya soko. "Kaa, Ngwali. Tusamehe. Hata huyo bibi hukumdanganya. Ulimwambia inanunua, na tazama, imenunua!"

Kigoda kilikuwa pale. Miaka mitatu mtu hajaulizwa hali, na sasa kigoda kiko pale, na yote aliyotakiwa ni kukaa. Mize alikuwa amesimama na kapu lake, anamtazama.

Ngwali hakukaa.

"Sikilizeni," akasema, na sauti ikamkwama, akaanza upya. "Sikilizeni. Mnanipa sifa isiyo yangu. Leo inanunua. Siku aliyoniuliza ilikuwa hainunui. Nilitoka kwa Buku, nimekataliwa, nikijua. Nilikunywa uji wake, nikamwangalia usoni, nikamwita mama, nikamdanganya. Na mtama wenu nyinyi niliuuza kwa faida, nikiwa tayari na dhahabu ya kutosha. Kisha bibi huyu alipokuja kwangu nikajificha kihengeni, mbele ya wanangu. Dhahabu ikipanda leo hainisafishi mimi. Mbuzi watatu hawamrudishii mtoto macho."

Wengine walichukia, maana watu hawapendi kuharibiwa furaha ya siku ya soko. Mfinyanzi akakiondoa kigoda taratibu, akaenda nacho. Mmoja mmoja wakarudi kwenye bidhaa zao, na Ngwali akabaki amesimama peke yake, uso umemuungua, mikono yake imening'inia, hajui pa kuiweka.

Tausi alikuwa ameshika kamba za mbuzi. Akamuuliza bibi yake, "Bibi, nani huyo aliyekuwa anasema?"

"Ni yule sonara."

"Mbona sauti yake inatetemeka?"

"Ndiyo kwanza anasema kweli mbele za watu," Bi Kazija akasema. "Hajazoea."

Kisha akavuka uwanja na mbuzi wake, mpaka alipokuwa Ngwali. Hakumwambia amemsamehe, wala mimi siwezi kuwaongezea alilolisema. Alimkabidhi kamba za mbuzi wawili. "Hawa wakaidi," akasema, "na njia ni ndefu. Tangulia, tutakufuata."

Ngwali akazishika kamba, akatangulia.

Basi, wasikilizaji wangu, mkiulizwa kama dhahabu inashika thamani dunia ikivunjika, msijibu haraka. Dhahabu hulala njaa ikiamka, na huamka njaa ikilala. Anayesubiri ataiona inaamka. Lakini uongo uliousema ilipokuwa imelala, huo hausinzii, unakungoja macho wazi. Na mbegu ya mtu usiinunue kwa neno tupu.

Mimi mwenyewe nilipita Mbweleni siku ile ile ya soko. Nilimwomba Buku bangili moja tu, nimletee mke wangu. Akanipa ganda la karanga, akasema na lenyewe linang'aa ukilitazama jua likizama. Mke wangu hajaniamini mpaka leo.

Ngano yangu nimeitua, gunia liko chini. Mwenye bega na alibebe!